Kabla Hujalipia Karatasi ya Bei ya Tovuti: Jibu kwa Mama wa Kariokor

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Mwalimu, nauza viatu vya ngozi na vya shanga katika soko la Kariokor. Kijana aliyemtengenezea jirani yangu tovuti ameniletea karatasi ya bei, na jumla yake ni shilingi 85,000. Ameandika kikoa, hostingi, SEO ya miezi mitatu, viungo vya nyuma 500, matangazo yenye uhakika wa impresheni 100,000, pikseli na rimaketingi, pamoja na namba 5,000 za simu za wateja. Niliona haya kumuuliza maana ya kila neno. Binti yangu anasema nisilipie nisichokielewa. Naomba unieleze kama mtu ambaye hajasomea mambo haya."

Mama, binti yako amekushauri vyema, wala hakuna haya katika kuuliza. Siku ya kwanza ulipoingia Kariokor huenda hukujua kutofautisha ngozi ya mgongo na ngozi ya tumbo, lakini leo sidhani kama yupo muuzaji awezaye kukupa ile inayolegea kwa bei ya ile iliyoshikamana. Karatasi uliyoletewa nayo ni ankara ya bidhaa, ila bidhaa zake hazishikiki kwa mkono. Ugeni wa maneno yake usikutishe. Hata jina la soko lako lilikuja kwa njia hiyohiyo: Kariokor ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kile Kikosi cha Wapagazi, Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, na leo kondakta hulitangaza stejini bila kufikiria kwamba analitamka neno la kigeni.

Nitaifuata karatasi yako mstari baada ya mstari, ingawa sitakaa muda sawa kwa kila mmoja, kwa sababu mingine ni ya gharama ndogo na mingine ndiyo inayomeza pesa. Tunapokwenda, ningependa uliulize kila neno swali moja: linahesabu macho, linahesabu miguu, au linahesabu shilingi? Macho ni watu waliokuona, miguu ni watu waliofika, na shilingi unazijua. Mabishano mengi ninayoletewa kati ya wafanyabiashara na vijana wa tovuti hutokana na mmoja kulipia shilingi akauziwa macho.

Kabla ya mstari wa kwanza nitenganishe maneno mawili ambayo hata wasomi huyachanganya. Intaneti ni mtandao wenyewe, yaani nyaya, minara na kompyuta za dunia nzima pamoja na kanuni zinazoziwezesha kuwasiliana. Sehemu kubwa ya mawasiliano yetu na nchi za nje hupitia nyaya za chini ya bahari zinazofika nchi kavu Mombasa, na zile za mwanzo, SEACOM na TEAMS, zilianza kazi mwaka 2009; aliyewahi kukaa saiba kabla ya hapo, akihesabiwa dakika huku picha moja ikijifungua mstari kwa mstari, hahitaji kuelezwa zaidi. Wavuti ni huduma mojawapo tu inayosafiri juu ya mtandao huo: ni kurasa zilizounganishwa kwa viungo, yaani maneno au picha ambazo ukizigusa hukupeleka kwenye ukurasa mwingine, na aliyeibuni ni Tim Berners-Lee mwaka 1989, alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN karibu na Geneva. WhatsApp unayotumia kupokea oda hutumia intaneti lakini si ukurasa wa wavuti. Kwa hiyo kijana akikuambia kwamba bila tovuti haupo mtandaoni, mkumbushe kwa upole kwamba upo tayari. Anachokuuzia ni mahali pengine pa kuonekana.

Sasa kikoa na hostingi. Kikoa ni jina la anwani yako, yale maneno ambayo mteja huyaandika juu ya kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa, ili akufikie. Kompyuta zenyewe hutambuana kwa namba ndefu, na tangu mwaka 1983 umekuwapo mfumo unaofanya kazi kama orodha ya majina iliyo katika simu yako: wewe unagusa jina, simu inapiga namba. Majina yanayoishia kwa .ke husimamiwa na KeNIC, na kwa kawaida husajiliwa kupitia kampuni zilizoidhinishwa nayo. Lile linaloishia kwa .co.ke limekusudiwa biashara, .ac.ke ni la vyuo vikuu, .go.ke ni la serikali, na tangu mwaka 2017 mtu anaweza kusajili jina fupi linaloishia kwa .ke pekee. Ada hulipwa kila mwaka na si kubwa. Kwa jina la .co.ke, wauzaji wengi hawafiki hata shilingi elfu tatu.

Hostingi, ambayo Kiswahili sanifu huiita upangishaji, ni nafasi unayoikodi katika seva, yaani kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana, ambamo picha za viatu vyako na maelezo yake huhifadhiwa. Tuseme kikoa ni kibao chenye jina lako na upangishaji ni kodi ya kibanda. Unaweza kuhama kibanda ukabeba kibao chako, lakini kibao kikipotea, wateja waliokizoea watamfuata atakayekiokota. Ndiyo maana bei ya mstari huu hainisumbui sana. Kinachonisumbua ni jina litakaloandikwa mahali pa mmiliki.

Jambo hili lilinikuta mimi mwenyewe. Tovuti yangu ya kwanza ilitengenezwa na mtu niliyemwamini, naye akakisajili kikoa kwa jina lake na barua pepe yake, akisema ananipunguzia usumbufu. Baada ya miaka miwili alibadilisha namba ya simu, ada ya mwaka ikapita bila kulipwa, na asubuhi moja mteja akanipigia kuniuliza tangu lini nimeanza kuuza kamari. Nilipoifungua anwani yangu nikakuta kweli matangazo ya kamari mahali palipokuwa na kazi zangu. Barua za kukumbusha zilikuwa zimetumwa kwa wakati, lakini ziliingia katika sanduku lake, si langu. Nililazimika kuanza upya kwa jina lingine na kuchapisha kadi mpya. Mwambie kijana kwamba kikoa kisajiliwe kwa jina lako, kwa barua pepe unayoifungua wewe, na kwamba risiti ya msajili uione.

Huenda ukauliza kama ukurasa wa Facebook au Instagram hautoshi. Unafaa, na wengi huanzia hapo, lakini hapo umetandika mkeka kando ya barabara ya mtu mwingine: siku mwenye barabara akibadilisha utaratibu, au akaunti yako ikifungwa kwa sababu usiyoelezwa, huna pa kulalamika haraka. Wachuuzi wa katikati ya jiji waliowahi kukimbizana na kanjo wataielewa hali hiyo kuliko mimi. Kikoa ni chako madhali umelipia ada.

Ukiona pia mstari wa cheti cha usalama, yaani kile kinachofanya anwani ianze kwa https na mawasiliano kati ya mteja na tovuti yasisomeke njiani, uliza bei yake kwa makini, kwani vyeti vya kutosha kwa duka dogo hutolewa bure na shirika la Let's Encrypt, na wapangishaji wengi huviweka bila malipo ya ziada.

Twende kwenye SEO, mstari unaoeleweka vibaya kuliko yote. Hizo ni herufi za Kiingereza zinazosimamia kazi ya kuiandaa tovuti ili mitambo ya utafutaji kama Google iielewe na kuipa nafasi nzuri. Mtambo wa utafutaji hufanya mambo matatu. Kwanza, programu ziitwazo vitambazi huzunguka kurasani zikifuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Pili, zilichokisoma huwekwa katika faharasa, mfano wa ile inayochapishwa nyuma ya kitabu. Tatu, mtu anapouliza, mtambo hauanzi kuizunguka dunia wakati huo, bali huipekua faharasa yake na kupanga majibu kuanzia lile ambalo mtambo wenyewe unaliona kuwa linafaa zaidi. Majibu hayo huitwa matokeo ya asili, kwa sababu hayalipiwi. Yale yenye alama ya kudhaminiwa ni matangazo, nayo ni habari nyingine nitakayoifikia baadaye.

Kazi halisi ya SEO haina uchawi, na sehemu yake kubwa unaiweza wewe kuliko kijana, kwa sababu wewe ndiye unayewajua wateja. Chukua simu yako, fungua Google, andika "viatu vya ngozi" kisha usibonyeze kitu. Orodha inayoshuka chini ya kisanduku hutokana na mambo ambayo watu wengine wamewahi kuyatafuta. Ongeza "Nairobi", orodha itabadilika. Ongeza "bei", itabadilika tena. Hayo ndiyo yanayoitwa maneno msingi, yaani maneno ambayo mnunuzi huyatumia, ambayo si lazima yawe yale yanayotumiwa na muuzaji. Mnunuzi wa Nairobi huchanganya Kiingereza, Kiswahili na Sheng katika mstari mmoja, hutaja mtaa na hutaja saizi, na tovuti inayosema "bidhaa bora za ngozi kwa viwango vya kimataifa" haimjibu hata neno moja. Vivyo hivyo kwa picha. Picha ya kiatu iliyopakiwa ikiwa na ile namba iliyopewa na kamera haiuambii mtambo chochote. Ile iliyopewa maelezo kwamba ni kiatu cha ngozi cha mwanamume, cha kahawia, saizi 40 hadi 45, kinachopatikana Kariokor, inauambia mengi, na inamwambia pia mteja. Kijana atakuwa na kazi ya kupunguza uzito wa picha hizo ili ukurasa ufunguke haraka kwa mtu anayetumia bando la shilingi ishirini, kuupanga usomeke vizuri kwenye skrini ndogo, na kuhakikisha vitambazi havizuiwi mlangoni. Kazi hiyo ina thamani yake na ni haki alipwe.

Lakini akikuahidi nafasi ya kwanza kwenye Google ndani ya miezi mitatu, usitie sahihi. Google yenyewe huwaonya wenye tovuti kwamba hakuna mtu awezaye kudhamini nafasi ya kwanza. Pia nimeshangaa kutoona popote katika karatasi yako jambo moja ambalo ningelianza kabla ya yote, labda kwa sababu halina pesa ndani yake: Wasifu wa Biashara wa Google. Ni huduma ya bure inayokiweka kibanda chako kwenye ramani, pamoja na saa za kufungua, namba ya simu, picha na maoni ya wateja. Google huthibitisha kwanza kwamba biashara ipo kweli, siku hizi mara nyingi kwa kukutaka urekodi video ya mahali ulipo. Mtu aliye Ngara akitafuta fundi wa viatu aliye karibu, ramani hiyo ndiyo huwa mbele ya macho yake.

Viungo vya nyuma 500 ni mstari wa kukata kabisa. Kiungo cha nyuma ni kiungo kilicho katika tovuti ya mwingine kinachomleta msomaji kwako. Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha Google mwaka 1998, walijenga mtambo wao juu ya wazo kwamba ukurasa unaotajwa na kurasa nyingi, hasa kurasa zinazotajwa nazo na nyingine, huenda una thamani kubwa zaidi. Ni sawa na sifa ya fundi sokoni: akisifiwa na mafundi wenzake, maneno yana uzito. Kwa sababu hiyo ikazuka biashara ya kuuza sifa. Viungo vinavyouzwa kwa mamia hutoka katika tovuti zilizoundwa kwa kazi hiyo tu, ambazo hakuna binadamu anayezisoma, na kuvinunua ili kupanda katika matokeo ni kinyume cha kanuni za Google, ambayo huweza kuvipuuza au kuiteremsha tovuti yako. Ukitajwa na gazeti lililoandika kuhusu mafundi wa Kariokor, au na hoteli inayouza viatu vyako vya shanga kwa watalii, kiungo hicho kimoja kinanitosha.

Tumefika kwenye matangazo, na hapa naomba subira, kwa sababu ndipo pesa zinapoingilia.

Impresheni ni mara moja ya tangazo lako kuonyeshwa kwenye skrini. Haisemi kwamba lilisomwa, wala haisemi ni watu wangapi. Mtu mmoja anayepita mbele ya kibanda chako kila asubuhi akielekea steji, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, ni impresheni tano, na idadi ya watu waliofikiwa ni mmoja. Ndiyo sababu watangazaji hutenganisha impresheni na ufikiaji. Kijana anapokuhakikishia impresheni 100,000 anakuhakikishia macho, na macho ya bei rahisi hayana uhaba: ukilielekeza tangazo kwa kila mtu aliye nchini, mchana na usiku, bila kuchagua umri wala mji, utayapata upesi, hata ya watu wasioweza kufika Kariokor wala kutumiwa viatu. Tangazo linapolipiwa kwa hesabu ya macho, bei hutajwa kwa kila impresheni 1,000 na kuitwa CPM, ambayo M yake imetoka kwenye neno la Kilatini la elfu.

Mbofyo ni mtu kuligusa tangazo na kuletwa kwako. Hapo sasa tunahesabu miguu. Ukigawanya mibofyo kwa impresheni unapata kiwango cha mibofyo, kinachofupishwa CTR. Tangazo la bango lilipoanza kuvuma kwenye wavuti, Oktoba 1994, kampuni ya AT&T ilipotangaza katika jarida la mtandaoni la HotWired, watu walilibofya kwa wingi kwa udadisi tu, kwa sababu kitu hicho kilikuwa kigeni. Udadisi huo umekwisha zamani, na macho yetu yamezoea kuruka matangazo kama yanavyoruka mabango ya Barabara ya Thika. Gharama ya kila mbofyo huitwa CPC.

Watu wengi hudhani kwamba gharama hiyo imepangwa na Google au Facebook kama bei ya unga. Sivyo. Kila tangazo linapopata nafasi ya kuonyeshwa, hufanyika mnada wa kasi kati ya wanaolitaka jicho lilelile. Unaujua mnada wa chai wa Mombasa, ambako mwenye bei ya juu huondoka na shehena. Huu wa Google una tofauti moja muhimu: bei haiamui peke yake, kwani mtambo huangalia pia uwezekano wa tangazo kubofywa, jinsi linavyolingana na alichokitafuta mtu, na hali ya ukurasa anaofikishwa baada ya kubofya. Mwenye shilingi chache na tangazo linalojibu swali anaweza kumpita mwenye mfuko mnene. Kwa hiyo mtu anayekuambia kwamba dawa ya matangazo dhaifu ni kuongeza pesa tu, aidha hajaujua mnada au anaujua vizuri kupita kiasi.

Ukurasa huo anaofikia mtu baada ya kubofya huitwa ukurasa wa kutua. Usiwe ukurasa wa mwanzo wenye historia yako na picha ya ufunguzi. Aliyebofya kiatu cheusi cha shilingi fulani atue kwenye kiatu hichohicho, bei yake, saizi zilizopo, kitufe cha WhatsApp na namba ya tili. Kijana akiita mpangilio mzima wa kuona, kubofya, kuuliza na kununua funeli, usishtuke. Ni ile faneli ya kumiminia mafuta, pana juu na nyembamba chini, na anachosema ni kwamba wanaobaki hupungua kila hatua.

Nikuonyeshe upungufu huo kwa hesabu ya mfano. Tuseme umetoa shilingi 10,000 na tangazo likaonyeshwa mara 40,000. CPM yako ni shilingi 250. Wakabofya watu 800, yaani CTR ni asilimia 2, na kila mbofyo umekugharimu shilingi 12.50. Hapa ndipo ripoti nyingi zinapoishia, zikiwa na grafu za rangi, na mteja hupongezwa. Sisi tuendelee. Katika hao 800, watu 64 walikuandikia WhatsApp, na 16 wakalipa. Kununua, au kufanya lile ulilolikusudia tangu mwanzo, huitwa konvesheni, na kiwango cha konvesheni hapa ni 16 kwa 800, yaani asilimia 2. Kila mnunuzi amekugharimu shilingi 625. Kama faida yako kwa jozi moja, baada ya ngozi, soli, gundi na fundi, ni shilingi 500, wanunuzi 16 wamekupa 8,000 na umepoteza 2,000, ingawa ripoti inang'aa. Wanne kati yao wakirudi baadaye kununua jozi nyingine moja moja bila kuletwa na tangazo, wanaongeza 2,000 na umerudi sufuri. Wakirudi wanane, umeanza kupata. Faida yote unayotarajia kwa mteja kwa muda wote atakaokuwa nawe huitwa thamani ya mteja, nayo huamua unaweza kulipa kiasi gani kumleta. Kijana hawezi kuijua namba hiyo. Iko katika daftari lako la mauzo, na bila hiyo hakuna awezaye kusema kama CPC ya shilingi 12.50 ni ghali au rahisi.

Angalia pia pengo lililo katikati ya hesabu hiyo: watu 64 waliuliza na 48 hawakununua. Mara nyingi dawa ya pengo hilo haipo kwenye matangazo. Nimewahi kukaa na muuzaji mmoja tukasoma pamoja mazungumzo yake ya WhatsApp, tukakuta kwamba aliyeuliza bei saa mbili usiku alijibiwa kesho yake saa nne, akiwa ameshanunua kwingine. Ile programu ya WhatsApp Business, ambayo ni ya bure, inakuwezesha kuweka katalogi ya viatu na bei, pamoja na jibu la papo kwa papo ukiwa umelala. Ianzishe kabla ya tangazo la kwanza.

Pikseli na rimaketingi huenda pamoja, na ili kuzielewa lazima nianze na kidakuzi. Ulipoacha mkoba kwenye kaunta ya mizigo ya supamaketi, mhudumu alikupa kijibao chenye namba. Hakujui jina, lakini ukirudi na kijibao anajua mkoba gani ni wako. Kidakuzi ni kijibao cha namna hiyo, maandishi mafupi ambayo tovuti huyaacha ndani ya kivinjari chako ili ikukumbuke ukirudi. Kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, na bila hicho kikapu cha duka la mtandaoni kingesahau ulichoweka kila ukigeuza ukurasa. Pikseli ya matangazo ni kipande kidogo cha msimbo, yaani maagizo yaliyoandikwa kwa kompyuta, kisichoonekana kwa mteja, ambacho kampuni ya matangazo hukupa ukiweke katika tovuti yako. Mtu akifika hapo, kampuni hiyo hupata habari. Rimaketingi ni kuzitumia habari hizo kumwonyesha tena tangazo yule aliyekuja akaondoka bila kununua. Vile viatu ulivyovitazama mara moja vikakufuata siku tatu, hata kwenye habari za mpira, vilikuwa kazi ya rimaketingi.

Kwa duka lako chombo hiki kinafaa, kwa kuwa aliyekwisha kutazama kiatu chako yu karibu kununua kuliko asiyekujua. Mwambie tu kijana aweke kikomo cha mara ngapi mtu aonyeshwe, na tovuti yako iseme waziwazi kwamba inakusanya taarifa hizo na kwa kazi gani.

Nimeliacha hadi sasa lile la namba 5,000 za simu, na hapa sina upole. Muulize zimetoka wapi. Kama zimenakiliwa kwenye madaftari ya wageni milangoni mwa majengo, au zimenunuliwa kwa mtu aliyezikusanya kwa kazi nyingine, wenye namba hawakukupa ruhusa wewe. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakataza kutumia data ya mtu kwa biashara bila ridhaa yake ya wazi au idhini ya sheria, na Ofisi ya Kamishna wa Data ina mamlaka ya kutoza faini ya hadi shilingi milioni 5 au, kwa biashara, asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kwa kufuata kiasi kilicho kidogo. Mwenye duka aliyetuma ujumbe hatakwepa lawama kwa kusema kwamba orodha aliuziwa na kijana. Ujumbe wa namna hiyo kwa barua pepe huitwa barua taka, na si jambo jipya: mwaka 1978 mwuzaji mmoja wa kompyuta huko Marekani aliwatumia watu wapatao 400 tangazo moja kwa mpigo kupitia mtandao uliotangulia intaneti, na wengi wakamjia juu. Kinyume chake ni orodha unayoijenga mwenyewe. Weka daftari kibandani, mteja anayetaka kujulishwa mtindo mpya aandike namba yake kwa mkono wake, na kila ujumbe umwonyeshe jinsi ya kujiondoa. Namba 80 za namna hiyo ningezichukua nikamwachia zake zote 5,000.

Kwa hiyo katika karatasi hiyo, kikoa, upangishaji na utengenezaji wa kurasa vibaki; SEO ibaki ikiwa ataandika kazi zenyewe badala ya ahadi; viungo na namba za simu viondoke; na matangazo yaanze kwa kiasi kidogo ambacho hakitakuumiza kikipotea, kwa wiki mbili, kwa watu wa Nairobi pekee. Katika mstari huo wa matangazo mtake atenganishe pesa zinazokwenda Google au Facebook na ujira wake wa kusimamia, kwa maana vikichanganywa katika tarakimu moja hutajua kama elfu kumi zako zilitangaza kwa elfu kumi au kwa elfu nne.

Bado kuna jambo ambalo halikuandikwa kwenye karatasi hiyo. Akaunti ya matangazo, ukurasa wa Facebook, wasifu wa Google na takwimu za wageni wa tovuti, vyote vifunguliwe kwa barua pepe yako, kisha kijana aongezwe kama msimamizi. Huduma hizo zote zinaruhusu hivyo, na siku mkiachana kazi unamwondoa kwa kugusa mara mbili, nawe unabaki na kumbukumbu za tangazo lipi lilileta nini. Nywila yako usimpe. Ripoti anayokuletea kila mwezi isiwe picha ya skrini iliyokatwa. Mkae kibandani, ufungue akaunti kwenye simu yako, yeye akuonyeshe kwa kidole pale palipoandikwa konvesheni, nawe uwe umefungua daftari lako la mauzo pembeni.